Usimsahau ng'ombe mwenye mimba msimu wa korosho

Ng'ombe wangu wa kwanza wa maziwa, chotara wa Friziani, alizaa Oktoba hapa Newala, jua la kiangazi likiwaka na nyumba nzima tuko mikoroshoni tunaokota. Mbavu zake zilihesabika. Nikafurahia ndama jike, nikakamua, nikangoja ng'ombe aingie kwenye joto, yaani atake kupandwa. Miezi mitano, kimya. Bwana mifugo alipokuja alimpapasa nyonga, akauliza: "Mimba ilipokuwa kubwa ulimlisha nini?" Mabua ya mahindi.

Akishazaa, maziwa hupanda upesi kuliko hamu yake ya kula, hivyo hukamuliwa akiba ya mwili wake mwenyewe. Asiyekuwa na akiba hachelewi kukonda, na mwili uliokonda hausukumi mayai.

Siku hizi nahesabu siku 283 tangu kuhimilishwa, yaani kupandishwa kwa mrija, na siku 60 kabla ya kuzaa namkausha, yaani naacha kumkamua. Wiki tatu za mwisho namwanzishia pumba na mashudu ya ufuta kidogo kidogo, tumbo lizoee. Majirani huogopa ndama atakuwa mkubwa ashindwe kutoka. Hofu hiyo ndiyo inayotukondeshea ng'ombe! Wa kuogopwa ni aliyenona kupita kiasi, si huyu mwenye mwili wa wastani. Chokaa ya mifugo naiweka kando mpaka azae, kwani kalsiamu nyingi kabla ya kuzaa humkaribishia homa ya maziwa, yaani kalsiamu ya damu kushuka ghafla akizaa. Ukimkuta amelala baada ya kuzaa, shingo ameikunjia ubavuni, masikio ya baridi, usingoje kuche. Mwite mtaalamu amtundikie dripu ya kalsiamu.

Mabibo nampa, ila ya siku hiyohiyo. Yaliyolala kwenye rundo yameshaanza kuwa uraka, pombe ya mabibo.

Halafu maji. Huku juu kwenye uwanda wa Makonde maji tunayanunua, na anayekamuliwa anaweza kunywa zaidi ya lita 60 kwa siku. Nakusihi, kama mfuko hautoshi, punguza idadi ya ng'ombe, usipunguze ndoo.

Uzao uliofuata alionyesha joto siku ya 52. Nikaliacha lipite, kizazi kipumzike. Siku 21 baadaye, asubuhi, nikamwona amesimama akipandwa na mwenzake, ute unaning'inia. Jioni ileile mhimilishaji akafika. Joto halikurudi tena, na kipimo kikathibitisha mimba. Tarehe ya kumkausha nimeiandika ukutani kwa mkaa, pale banda la pumba lilipo, ili hata korosho zikidondoka vipi tuione.