Ryokan, onsen na treni za Japani: majibu kwa mwenye siku kumi Tokyo na Kyoto

Mkuu, umesema mnakwenda wewe na shemeji, siku kumi, Tokyo na Kyoto, mnataka angalau usiku mmoja kwenye ryokan, zile nyumba za wageni za asili. Umeuliza pia kama JR Pass, pasi ya watalii ya kupanda treni za JR, inalipa, na kama ni kweli kwenye onsen, yale mabafu ya chemchemi za maji moto, watu wanaoga uchi.

Pasi kwanza, maana jibu lake ni fupi: kwa safari yako hailipi. Oktoba 2023 pasi ya siku 7 ilipanda hadi yeni 50,000 kwa kichwa. Nozomi, Shinkansen (treni ya mwendokasi) ya haraka kuliko zote kati ya Tokyo na Kyoto, ni kama yeni 14,000 kwenda, sawa na 28,000 kwenda na kurudi, na mwenye pasi akitaka kuipanda bado anaongeza hela. Kateni tiketi za kawaida. Mkikata za karatasi, mara nyingi kila mtu anapewa mbili, moja ya nauli na nyingine ya kasi na kiti. Tumbukiza zote mbili getini kwa pamoja, uziokote upande wa pili. Ukiweka moja tu, geti linakufungia. Ombeni kiti E, upande wa Mlima Fuji. Unaonekana dakika kama 45 baada ya kuondoka Tokyo, mawingu yakiwa na huruma.

Suica ni kadi ya kujaza hela, nzuri kwa treni za mjini, mabasi na maduka madogo, lakini usiingie nayo treni za kawaida eneo la Tokyo ukategemea kutokea nayo eneo la Kyoto. Mfumo haukubali, utalipa taslimu, na kadi haitafanya kazi mpaka karani aifute ile safari.

Mizigo ndiyo inayowaumbua wengi. Pima urefu, upana na kina cha sanduku, ujumlishe. Likizidi sentimita 160, kwenye Shinkansen ya njia hiyo lazima ukate kiti chenye nafasi ya mzigo mkubwa nyuma yake. Hakina malipo ya ziada, ila ukipanda bila kukikata ni yeni 1,000. Sanduku la ndege la sentimita 158 linapona chupuchupu. Mimi ningelituma kwa takkyubin, huduma ya kusafirisha mizigo: mapokezi ya hoteli ya Tokyo wanakujazia fomu, na kwa kawaida kesho yake liko hoteli ya Kyoto. Ninyi mnabaki na begi dogo la ryokan, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu magurudumu hayapiti juu ya tatami, ile mikeka ya sakafuni.

Kwa usiku huo ningechagua Kinosaki, treni ya saa mbili na nusu hivi kutoka Kyoto. Mji wenyewe unajulikana kwa mabafu yake saba ya umma. Ukilala kwenye ryokan ya pale unapewa pasi ya kuyaingia, na watu wanatembea barabarani jioni na yukata, vazi jepesi kama kimono, na viatu vya mbao. Mabafu hayo hayamkatai mwenye tatuu. Kwingine unaweza kurudishwa mlangoni.

Bei ya ryokan inahesabiwa kwa mtu, si kwa chumba, kwa sababu chakula cha jioni na asubuhi mara nyingi kimo ndani. Ndiyo maana saa ni muhimu. Chakula huanza saa 12 au 12 na nusu jioni, kwa hiyo fikeni saa 10. Mkifika saa 2 usiku msitegemee kupashiwa. Kama hamli nguruwe au hamgusi pombe, semeni siku ya kuweka nafasi, maana jiko linanunua vitu kwa hesabu ya wageni, na mirin, ambayo ni mvinyo mtamu wa mchele, inaingia kwenye michuzi mingi. Wakisita, chukueni chumba bila chakula.

Viatu vinabaki mlangoni. Ndara za ndani mnavua kabla ya kukanyaga tatami, na chooni kuna ndara zake: zisikufuate ukitoka. Yukata vaeni upande wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia. Kinyume chake ndivyo anavyovishwa maiti.

Sasa kuoga. Ndiyo, ni uchi kabisa, ila wanaume kivyao na wanawake kivyao. Soma pazia: 男 ni wanaume, 女 ni wanawake. Angalia kila unapoingia, kwa sababu nyumba nyingi zinabadilishana mabafu usiku na asubuhi. Nguo zote kwenye kikapu, unaingia na taulo dogo tu. Kaa kwenye kigoda, jisugue kwa sabuni, jisuuze mpaka povu liishe. Usioge umesimama, utamrushia jirani maji. Ndipo uingie bwawani taratibu, maji ni nyuzi 40 hadi 42. Dakika tano zinatosha kwa mara ya kwanza, ukiona kizunguzungu kaa ukingoni. Taulo liwe kichwani, lisiguse maji. Shemeji akiwa na rasta au nywele za kusuka azifunge juu zisilowe humo, na vito vya fedha avivue, maji ya salfa yanavigeuza vyeusi.

Mkiona aibu, ulizeni kashikiri, bafu la kukodi kwa faragha. Ryokan nyingi hutoa kwa dakika 45 hivi, kwingine bure. Lipangieni mara tu mnapofika, saa za jioni zinaisha haraka.

Umeme ni volti 100, plagi ya pini mbili bapa. Chaja ya simu iliyoandikwa 100–240 haina shida, inataka adapta tu. Mashine ya kunyolea ya volti 230 pekee iache nyumbani.