Muulize Fundi: Simu ya mezani ya intaneti, nikate ya zamani?

Mwezi huu meseji nyingi zimekuja za kitu kimoja, simu za nyumbani zinazopita kwenye intaneti. Nimechukua tatu, nafasi yenyewe ndo hii.

SWALI: Fundi shikamoo. Nakaa Columbus, Ohio. Simu ya mezani nailipia kila mwezi na karibu siitumii, ila namba ndo hiyo mama yangu kule Tanga ameikariri kichwani na shule ya watoto wanayo. Mwanangu ananiambia mama kata hiyo chukua ya intaneti, Tanzania unapiga bure. Ni bure kweli? Na namba yangu je? (Mama wa wawili)

JIBU: Marahaba dada. Mwanao kasema nusu ya ukweli, hiyo nusu nyingine ndo inakuja kwenye bili.

Iko hivi, unapewa kiboksi, upande mmoja unachomeka waya wa ruta, upande wa pili simu yako ileile ya mezani, unapiga kama ulivyozoea. Kiboksi kinakatakata sauti yako vipande vidogo vya data, kwa kawaida kama 50 kila sekunde, vinasafiri kwenye intaneti vikifika vinaungwa tena. Kampuni haikuvutii waya wala haisimamishi nguzo, inapanda mgongoni mwa intaneti ambayo we ushailipia, kwahiyo inaweza kukuuzia kwa bei ya chini.

Sasa bure. Bure ni intaneti kwa intaneti, yaani na mama naye awe na smatifoni na bando. Kama bado ana kitochi, simu yako ikifika Tanzania lazima iingie mtandao wa kawaida na mtandao ule unadai hela ya kuipokea, hapo unalipa kwa dakika. Zile pakeji za "piga nje bila kikomo" soma orodha ya nchi kabla hujatoa kadi, mara nyingi utakuta India na Mexico wamo halafu Tanzania imewekwa pembeni na bei yake. Hesabu unaongea na mama dakika ngapi kwa mwezi, pengine kumnunulia smatifoni ndo nafuu (na mjukuu wa kumfundisha kuipokea, hiyo kazi si ndogo).

Namba unahama nayo, sheria ya Marekani inakuruhusu ukibaki eneo hilohilo. Ila tafadhali USIKATE laini ya zamani kwanza. Kampuni mpya ndo inaomba namba kutoka kwa ya zamani, na laini iwe hai mpaka ihamie. Jamaa yangu alikata mwenyewe akidhani anawahi, namba ya miaka mingi ikampotea hivihivi.

Halafu kuna la umeme na 911, ile namba ya dharura ya Marekani, hili watu wanalirukaga. Simu ya zamani ya waya wa shaba ilikuwa inaletewa umeme wake kutoka huko kwenye kituo cha simu, tuliokua na simu za TTCL nyumbani tunakumbuka, mtaa mzima giza na simu inalia. Ya intaneti umeme ukikatika ruta inazima na simu imekufa, labda uwe na betri ya akiba, hata ndogo inatosha. Na 911, tangu 2005 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, imezibana kampuni hizi zifikishe simu za dharura pamoja na anwani yako, lakini anwani wanayoiona ni ile uliyoandikisha we mwenyewe. Ukihama nyumba ukabeba kiboksi bila kuwaambia, zimamoto wanaenda kugonga kwa mpangaji mpya.

SWALI: Niko Mombasa, nimeweka faiba nyumbani, spidi kubwa tu, lakini nikipiga kwa intaneti sauti yakatikatika kama roboti. Nipande pakeji? (Msomaji wa Kisauni)

JIBU: Usipande kaka, hela yako iweke. Simu ya sauti inataka kama kilobiti 100 kwa sekunde kwenda na kiasi hichohicho kurudi, hiyo kwa faiba ni chenji. Shida ni vipande kuchelewa na kufika ovyo ovyo, na mara nyingi mchawi yumo humohumo ndani: ruta iko sebuleni we uko chumba cha mwisho ukuta wa tatu, na mtoto anapandisha video wakati huohuo. Chomeka kiboksi kwa waya, au usogee karibu na ruta upige tena. Ikitulia, umeshajua.

Na tushukuru jamani. Kabla kebo ya SEACOM, ile ya intaneti inayopita chini ya bahari, haijafika pwani yetu 2009 tulikuwa tunategemea setilaiti, iko kilomita kama 36,000 juu, unauliza "hujambo" unasubiri, mwenzio naye keshaanza kuongea, mnagongana mpaka mnakata. Ila weka na salio la kawaida kwenye simu, maana Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu wa WhatsApp peke yake walibaki wanaangalia duara linazunguka.

SWALI: Mume wangu yuko Dubai, WhatsApp tunachati vizuri lakini kupiga haikubali. Simu yangu mbovu? (Mke wa Zanzibar)

JIBU: Simu yako nzima bibie. Emirati hawaruhusu kupiga kwa programu isiyo na kibali, WhatsApp ikiwemo, chati zinapita kupiga hakupiti. Kuna zenye kibali kama BOTIM, muiweke wote wawili. Wapo watakaomwambia atumie VPN, programu ya kuonekana kama uko nchi nyingine, asikubali, kule kuitumia kukwepa zuio ni kesi na faini yake nzito. Kwa sasa mtumie voisi, hizo zinafika, na umwambie asikilize mpaka mwisho maana najua wanaume wa huko wanavyojibu "sawa" kabla haijaisha.