Tiketi inasema Jumanne, ratiba inasema Jumatatu

Hakuna kosa hapo, mkuu. Tiketi ya ndege inatumia saa za Dar (Jumanne 01:00, yaani saa 7 usiku), programu ya ratiba inahifadhi UTC (saa ya pamoja ya dunia), nasi tuko mbele kwa saa 3, basi humo inasomeka Jumatatu 22:00. Fungua faili la SSIM (muundo wa kimataifa wa ratiba za ndege): herufi U ni UTC, L ni saa za mahali. Ukiandika 01:00 kwenye faili la U, ndege itaondoka saa 10 alfajiri! Na namba ya siku iwe 1 (Jumatatu), si 2 (Jumanne). Hiyo wengi huisahau. Ila kwa safari za London hakikisha upya kila Jumapili ya mwisho ya Machi na Oktoba, wenzetu hubadili saa.