Nikiziba grili gari litakula mafuta kidogo?

Swali: Fundi, jamaa kaniambia nikiziba nusu ya grili (ule wavu wa mbele unaopitisha hewa) na kuweka wili kapu bapa mafuta yatapungua, kweli au ananipiga fiksi?

Jibu: Si fiksi, vinapunguza upinzani wa hewa, ila inategemea spidi zako, maana upinzani huo unapanda kwa mraba wa spidi, yaani ukitoka 60 kwenda 120 unakuwa mara 4, so kama wewe ni wa foleni tu usihangaike. Anza kwa kutoa keria ya juu kama hubebi kitu, hiyo bure kabisa. Grili ziba kidogo kidogo huku jicho liko kwenye geji ya joto, injini ikichemka gharama yake utaijua. Na ukifunika chini ya gari kwa plastiki ili hewa ipite laini, plastiki isikaribie ekzosi, itayeyuka hiyo au iwake kabisa.