Shokapu ya boneti: imelika, imeisha au imechakaa?

SWALI: Ninaandika mwongozo mfupi kuhusu shokapu za gesi zinazoinua boneti ya gari. Nimeandika "shokapu zilizolika", mwenzangu anasisitiza "zilizochakaa", na fundi tuliyemuuliza anasema "zimeisha". Lipi ni sahihi? Na je, niseme "kutengeneza" au "kubadilisha"?

JIBU: Vitenzi vyote vitatu ni Kiswahili safi, lakini havielezi tukio moja, na tofauti yake huonekana mtu akifahamu kinachotokea ndani ya kifaa chenyewe. Shokapu ya aina hii ni silinda iliyozibwa kabisa, yenye gesi ya nitrojeni iliyoshindiliwa kwa shinikizo kubwa pamoja na mafuta kidogo, na fimbo inayotoka na kuingia kila boneti inapofunguliwa na kufungwa. Fimbo hiyo hupita katikati ya sili, yaani mpira unaozuia gesi isitoke, na kadiri sili inavyosuguliwa ndivyo gesi inavyovuja polepole, hata boneti ikashindwa kukaa juu.

Kwa hiyo kinacholika ni sili. Kitenzi "lika" hudai kitu kipungue kwa kusuguliwa, kama tairi au pedi za breki, ilhali silinda na fimbo huweza kubaki na umbo lake kamili huku shokapu ikiwa haifai tena. "Zimeisha" hueleweka bila shida gereji, ila katika maandishi msomaji anaweza kudhani kwamba akiba ya shokapu imemalizika. Hapo kauli ya kutendewa inatufaa sana: "shokapu zimeishiwa gesi" hutaja kilichopungua na kilichopungukiwa kwa pigo moja. "Chakaa" nacho hubeba hali ya kifaa kizima baada ya matumizi ya muda mrefu, na ndiyo maana katika kichwa cha mwongozo ningefuata kauli ya mwenzako. Hata hivyo, baridi hupunguza shinikizo la gesi, kwa hiyo shokapu inayolegea asubuhi ya baridi tu isiitwe iliyochakaa. Andika kwamba nguvu yake imepungua.

"Kutengeneza" kifutwe kabisa. Silinda hiyo haikuundwa ili ifunguliwe, na msomaji atakayetii kitenzi chako anaweza kuitoboa au kuipasha moto, jambo ambalo ni hatari kweli. "Kubadili" na "kubadilisha" vyote vinakubalika kwa maana ya kutoa cha zamani na kuweka kipya. Chagua kimoja ukitumie hadi mwisho.

Zingatia pia kwamba "shokapu" haibadiliki umbo katika wingi. Ukiandika "badilisha shokapu" peke yake, msomaji hawezi kujua kama ni moja au zaidi, na mpya ikiwekwa upande mmoja na dhaifu ikaachwa upande wa pili, boneti huinuliwa kwa nguvu zisizolingana. Andika "badilisha shokapu zote mbili", upatanisho ufanye kazi yake.

Katika hatua zenyewe, "kabla hujachomoa shokapu, tegemeza boneti kwa gongo imara" ni kauli nzuri kuliko "tegemeza boneti na uchomoe shokapu", kwa kuwa inaonyesha wazi lipi hutangulia. Kwa klipu ya chuma iliyo kwenye ncha, usiandike "ng'oa" wala "toa", maana kwa kawaida huinuliwa kidogo tu kwa bisibisi bapa ili ncha ichomoke. Shokapu mpya nayo "hupachikwa" na kusukumwa mpaka inase.

Mwisho ni agizo la "fimbo ielekee chini". Halitoshi, kwa sababu mwelekeo wa shokapu huweza kugeuka boneti inapoinuliwa. Ongeza "boneti ikiwa imefungwa", kwani ni katika hali hiyo, ambamo gari hukaa muda mwingi, mafuta hushukia kwenye sili na kuizuia isikauke.