Mkuu, usitume hiyo ripoti. Weka kwanza chupa ya asidi chini

Mkuu, simama hapo hapo. Unasema umekata kipande cha shafti iliyovunjika, ukakipiga msasa, ukakitia naitali (asidi ya nitriki iliyochanganywa na spiriti), na sasa hadubini inakuonyesha weusi umetapakaa. Unauliza ununue kamera gani ya kupigia picha na umwandikieje muuzaji kwamba chuma chake kina uchafu, yaani chembe ngeni zilizonaswa ndani yake. Usimwandikie. Mimi niliandika.

Zilikuwa shafti za mashine za kusaga. Mbili zilivunjika ndani ya mwezi mmoja, nikaletewa kipande. Nilifanya hivyo hivyo ulivyofanya wewe, nikaona weusi, nikasaini: chuma kichafu. Karakana ikarudisha mzigo mzima, tani mbili na nusu. Muuzaji hakubishana. Alikuja na sampuli yake iliyokatwa kwa urefu wa shafti, imeng'arishwa kwa unga wa almasi hadi maikroni 1 (sehemu moja ya elfu ya milimita), haijaguswa na asidi. Nikachungulia kwa ukuzaji wa mara 100. Uwanja mweupe, na vistari vichache vya kijivu, basi. Ule weusi wangu sehemu kubwa ilikuwa pealaiti, yaani muundo wa kawaida kabisa wa chuma chenye kaboni, ambao naitali huutia giza. Uliobaki ulikuwa vishimo: vingine asidi ilivitanua, vingine nilivichimbua mwenyewe kwa kusugua kwa pupa. Shafti zilikuwa zimeanza kupasuka kwenye kona kali ya mfereji wa kii (kile kipande cha chuma kinachofungia gurudumu kwenye shafti), kosa la aliyezichonga. Karakana ililipa usafiri wa kwenda na kurudi. Mimi nilikatwa mshahara miezi minne na sampuli nikanyang'anywa.

Aliyenifundisha alikuwa akisema, "Tia asidi, kila kitu kitajitokeza." Miaka yote ile maabara, na hilo ndilo alilotupa vijana! Bado linanichoma. Asidi ni ya kuonyesha punje na muundo. Uchafu una rangi yake tayari, hauhitaji kuamshwa.

Angalia kabla ya asidi, uone ni uchafu wa aina gani. Salfaidi ya manganizi ni kijivu laini, imelala kuelekea upande chuma kilikopitishwa kwenye roli, ndefu kama punje ya mchele. Ukikata shafti kwa upana utaona nukta tu, nawe utadhani ni kitu kingine. Alumina (oksaidi ya alumini) ni nyeusi zaidi, vipande vya kona kona vilivyofuatana mstari mmoja, na mara nyingi huacha mkia upande ulikosugulia. Naitraidi ya titani huwezi kuikosa: kimraba kidogo chenye rangi ya chungwa. (Kwenye shaba ni raha zaidi. Oksaidi yake ni kijivu cha kibuluu, lakini washa mwanga wa pembeni uone inavyogeuka nyekundu kama kaa la moto.)

Ukitilia shaka nukta, zungusha fokasi taratibu. Shimo lina kina: ukingo ukififia, chini ndiko kunakoanza kuonekana. Halafu sogeza sampuli. Nukta isiposogea nayo, hilo ni vumbi la lenzi.

Kata kipande kipya, kwa urefu. Anza na msasa wa 240, panda hadi 1200, kisha almasi. Osha kwa spiriti, kausha papo hapo kwa hewa ya moto maana maji huacha madoa. Kisha tuwekee picha hapa, na ile chupa ikiwa bado imefungwa.