Muulize Bi Fundi: Kanga kuukuu inanirudishia mwili

SWALI: Shikamoo Bi Fundi. Nafanya kazi kaunta hapa Morogoro. Sare yetu ni sketi ya poliesta yenye bitana na blauzi inayofungwa mpaka shingoni. Kutwa nzima ni kama sina mwili, nina kichwa na mikono ya kuhesabia pesa tu. Nikirudi nyumbani nikajifunga kanga yangu kuukuu, ghafla nina mgongo, nina tumbo, nina miguu inayouma. Mume wangu anacheka, anasema ni uvivu wa kuvaa. Je, ni mawazo yangu tu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Si mawazo.

Ngozi haipendi kurudia habari. Asubuhi unalisikia gauni likishuka mgongoni, lakini chai haijapoa umeshalisahau, maana neva nyingi za mguso hupiga kelele nguo inapogusa na inapoachia. Ikitulia, nazo zinanyamaza. Sare yako imeshonwa itulie. Zipu, kifungo na mkanda vinafanya kazi yote. Kanga haina kifungo, unaishika kwa mwili wako mwenyewe. Ukitoa pumzi fundo linalegea, ukiinuka unalikaza, ukitembea pindo linakupiga miundini. Kutwa inakuuliza kiuno kiko wapi, nawe unajibu bila kujua.

Mjukuu wangu anayesomea uuguzi ndiye aliyenipa habari za mwanasayansi Ardem Patapoutian, aliyegawana Nobel ya tiba na David Julius mwaka 2021. Kipokezi cha mguso alichogundua ndicho pia kinachotujulisha mkono uko wapi hata taa ikizimika. Nikamwambia, kumbe ndiyo maana marehemu mama alikuwa akijifunga kanga gizani, alfajiri, na pindo limekaa sawa!

Nilipojifunza kushona Tanga, mwalimu wangu alinikataza kuchagua kitambaa kwa vidole. Vidole vya fundi vina sugu ya sindano, vinasema uongo. Alinifunga macho kwa mtandio wake, akapitisha vitambaa ndani ya kiwiko changu, kisha shavuni. Pamba ilipita na jasho langu ikaondoka nalo. Poliesta ilinata. Mpaka leo mteja akija na kitambaa namwambia kwanza anyooshe mkono.

Nawe jaribu jioni. Jifunge kanga, simama, fumba macho, utafute inapokugusa na isipokugusa. Pale nyuma ya magoti watu wengi hupasahau.

Sare huwezi kuiacha, lakini inarekebishika. Fundi atoe hiyo bitana aweke ya pamba nyepesi, au vaa shimizi ya pamba ndani. Mkanda wa sketi aupime ukiwa umekaa, kwa sababu kaunta hukai umesimama. Kosa hilo nimelifanya mimi mwenyewe miaka mingi, na wateja walikuwa wananiambia wamenenepa! Lebo ya shingoni usiikate kwa mkasi, kile kisiki kinachobaki ndicho kinachochoma. Fumua mshono wake taratibu kwa wembe.

Na huyo bwana, usiku mmoja avue msuli wake alale na suruali ya kazini, mkanda umefungwa. Asubuhi ndiyo acheke.